Usajili wa Msibani

Mboni, umesikia alichofanya Mwenyekiti? Timu yetu ya kikapu inaburuza mkia, naye kamtema Nassibu, mfungaji pekee tuliyebaki naye. Kocha Dismas hata hakuulizwa.

Badala yake kasajili jitu kutoka Tingi. Unajua kalipata wapi? Msibani. Mtani wake alijigamba kwamba ana mpwa anayeangua nazi huku kasimama chini, Mwenyekiti akaamini. Utani wa msibani, Mboni. Kausajili.

Leo katambulishwa uwanjani, watu wamejaa. Dismas akamrushia mpira audunde, jamaa akaukumbatia kama fenesi.

Dismas wa watu akamsogelea, akamwuliza taratibu, "Umewahi kucheza kweli?"

"Hapana, kocha. Mimi nilikubali kuja ili nimwone Nassibu. Anaingia saa ngapi?"