Ngao ya Fidelis na Mtu Aliyeitwa Tapeli

"Usipokee, Mama Clinton. Si imeandikwa Tapeli hapo?"

Zena wa dukani alikuwa ameshaichungulia simu kabla mwenyewe hajafuta mikono kwenye kanga.

"Mwache apokee," Lukelo akasema kutoka ng'ambo ya uzio. "Tapeli gani anapiga mara tatu asubuhi moja? Hana kazi nyingine?"

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo."

Hivyo ndivyo mwaka ulivyotimia tangu ututoke, Fidelis, ndugu yetu. Misa imekwisha, ua umejaa watu, wali uko jikoni, na majirani zako wawili wanabishana juu ya simu ya dada yako Balbina. Ungekuwepo ungevuta kigoda karibu, maana ubishi wa hao wawili ndio uliokuwa redio yako.

Balbina akapokea. Akasikiliza, akasema "ndiyo" mara mbili, akaelekeza njia, kisha akakaa chini pale pale kwenye kizingiti.

"Anasemaje?" Zena akauliza.

"Yuko stendi. Ameleta kitu cha Fidelis."

"Si nilisema."

"Umesema nini?" Lukelo akamjibu. "Tapeli anachukua, Zena. Umeona wapi tapeli analeta?"

Balbina hakucheka. Yeye alimjua aliyepiga, na jambo hili, popote ulipo, hatujawahi kukuambia. Leo tunakuambia.

Ulisoma, ndugu yetu. Ulikwenda chuo kikuu Dar es Salaam, ukarudi mhandisi wa maji, na mtaa mzima ukasubiri uhamie mjini kama wenzako. Hukuhama. Mtaa ukasubiri uoe, tukakutafutia wachumba, tena wengine wazuri kwelikweli; ukawakaribisha chai, ukawasindikiza hadi barabarani, ukarudi kufungua sanduku lako la spana. Tulikusema sana. Kuna waliosema una mke Mlimba. Kuna waliosema shule ilikuharibu. Wewe ukipita ulikuwa unasalimia wote, na waliokusema ukawasalimia kwanza.

Siku za kazi ulikuwa wa ofisi ya maji. Jumamosi ulikuwa wa kila mtu. Ulifunga sanduku nyuma ya pikipiki ukaenda kufufua pampu za visima ambazo watu walishaanza kuanikia nguo. Vipuri vilipokosekana, ulikata vipira kutoka kwenye tyubu kuukuu za pikipiki yako mwenyewe, ukiwa umekaa hapa uani na mkasi wa kushonea wa Balbina. Ukauua ule mkasi. Kijiji cha Uchindile ulikwenda kwa treni, treni ikachelewa siku nzima, ukafika huku umebeba bomba begani kama mtu aliyetoka kuiba.

Kule Mngeta ukawafundisha akina mama kuifungua pampu na kuifunga wenyewe. Ukasema hutaki kuitwa tena kwa ajili ya kipira kilichochakaa. Waliendelea kukuita, lakini sasa kwa kula.

Nyumbani ulikuwa na neno moja. Ukiingia, hata kabla ya kuvua viatu: "Ukoko upo?" Wali wenyewe ulikula kwa adabu tu. Chako kilikuwa kile kilichogandia chini ya sufuria, kimekauka, kimeungua kidogo, unatafuna mpaka Lukelo anasikia kwake.

Kisha figo zikakuangusha, ukalala miezi minne kwenye chumba cha mbele, nyumbani kwa Balbina. Simu yako aliishika yeye, ndani ya mfuko wa gauni, ili usisumbuliwe. Wiki ya mwisho zilikuwa zinaingia meseji za umeshinda hiki, umeshinda kile, tuma namba yako ya siri. Shemeji yako Theodori alikuwa ameshapigwa pesa mara moja na watu hao. Basi siku ya Jumatatu mtu akapiga, akasema kwa upole kwamba anaitwa Alex, anatoka ofisi ya wahitimu ya chuo, na kwamba Mhandisi Fidelis Stanislaus amechaguliwa kupewa tuzo kwa utaalamu wake na kwa kuihudumia jamii.

Balbina hakumwacha amalize. Alimwambia, "Hiyo tuzo kampe mama yako," akakata. Jamaa akapiga tena, akakatiwa tena. Balbina akaiingiza namba ile kwenye simu yake pia, akaiandika Tapeli, ili hata akihamia huku amjue.

Wewe ukauliza kutoka kitandani, "Nani alikuwa anapiga, dada?"

"Matapeli tu."

"Maskini, wamekosa kazi," ukasema. Ukatazama dari. "Hivi dada, mimi nimesoma miaka yote ile, halafu nimefanya nini?"

Akakuambia usiseme hivyo, unywe uji. Alhamisi ukatutoka.

Siku ya kumaliza matanga, Yasser wa ofisini kwenu alikuja na jarida la chuo. Majina matano, picha nne. La tano lilikuwa lako, na chini yake waliandika kwamba hukupatikana. Balbina alilisoma akiwa jikoni. Hakulia mbele ya watu. Lakini tangu siku ile, Fidelis, hajawahi kumwacha mtu yeyote aguse ukoko nyumba hii. Anaulowanisha, anawamwagia kuku, ametugeuzia mgongo.

Wiki mbili zilizopita ndipo alipopata moyo wa kuitumia ile namba ujumbe. Alituonyesha: "Mimi ndiye niliyekutukana. Ulikuwa mkweli. Mwenyewe amefariki bila kujua. Nisamehe." Hakujibiwa. Mpaka leo asubuhi.

Alishuka kwenye bodaboda mtu mzima wa miaka arobaini hivi, shati amechomekea, vumbi limempaka mpaka kwenye nyusi, kifuani amekumbatia kifurushi kama mtu aliyebeba mayai. Ua wote ukageuka kumtazama. Zena wa kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mimi ndiye yule tapeli."

Balbina akasimama kutoka kizingitini.

"Uliniambia tuzo hii nikampe mama yangu," akaendelea taratibu. "Nilimwonyesha. Amesema si ya kwake, niirudishe kwa wenyewe."

Zena ndiye aliyeanza kucheka, kisha ua mzima, kisha tukaona Balbina analia, tukaacha. Alikuwa amekipokea kifurushi kwa mikono miwili. Ni ngao ya mbao, Fidelis, nzuri, jina lako limechongwa na la baba yetu pembeni. Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi nyingine. Alex akasema ndiyo barua iliyokupendekeza. Haikuandikwa na profesa wala mkurugenzi. Waliiandika akina mama wa Mngeta, kumi na wawili, na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba.

"Isome," Balbina akamwambia. "Isome kwa sauti, ifike mpaka chumba cha mbele."

Mlango wa chumba chako ulikuwa wazi. Alex akaugeukia, akasoma. Walisema kwamba zamani pampu ikiharibika walichota mtoni pamoja na mamba, na mmoja wao alipoteza binti huko. Walisema tangu uwafundishe, pampu yao haijalala hata wiki moja. Walisema, "Huyu msomi wenu alikaa chini kwenye tope nasi."

Uliuliza umefanya nini. Jibu lilikuwa njiani siku ile ile, na sisi tukalikatia simu. Hatuna namna ya kulifikisha ila hii.

Tunaokutaja bila kuchoka ni dada yako Balbina, kaka yako Anselim, shemeji Theodori, wapwa zako Clinton na Edna, Yasser wa ofisini, Zena na Lukelo ambao hawajaelewana mpaka sasa, na akina mama wa Mngeta. Siku hazitakufuta kwetu. Kila maji yanapochuruzika kwenye ndoo, tunakusikia.

Alex alipomaliza kusoma alikunja barua, akaaga, akasema anawahi gari la mchana. Balbina aliingia jikoni, na sote tukasikia mwiko unakwangua chini ya sufuria, sauti ambayo nyumba hii haijaisikia mwaka mzima. Akatoka na sahani.

"Gari lipo na kesho," akasema. "Vua viatu, mwanangu, ingia ndani ule. Ukoko upo."