Sweta Niliyoikataa

Kwa Nderitu,
Kwanza,
Kitale.

Jumamosi, 24 Januari 2026

Mpendwa Tata Gathoni, shangazi yangu,

Nakusalimu kutoka nyumbani, ambako kiangazi kimeingia na upepo unapeperusha maganda ya mahindi mpaka kwenye sufuria. Hujambo, Tata? Kile kifua kilichokusumbua mwezi wa Desemba kimepona? Tuliambiwa vumbi la Marsabit halina huruma hata kwa watawa. Tafadhali ufunge kitambaa puani unapotembelea wagonjwa, usione aibu.

Sisi hatujambo. Baba, kaka yako, anachechemea kidogo kwa sababu gunia lilimwangukia mguuni, lakini hasemi. Mama ndiye analalamika kwa niaba yake. Mdogo wangu Wamboi ameota upya meno mawili ya mbele na sasa anacheka hata bila sababu, ili tuyaone.

Uliniuliza matokeo ya kidato cha nne. Nimepata A-, Tata. Nimeandika hivyo kwa ufupi kwa sababu bado mkono haujazoea. Baba aliposoma kwenye simu alinipa nisome mwenyewe, maana hakuyaamini macho yake. Kisha akatoka nje akasimama karibu na zizi la ng'ombe kwa muda mrefu, akijifanya anaangalia ua.

Lakini ninakuandikia hasa kwa sababu ya Madam Nyambu, yule mwalimu mkuu wa shule yangu ya kwanza ya sekondari, pale Kitale. Nataka usikie kutoka kwangu kabla Baba hajakuandikia.

Nadhani hukuwahi kuambiwa vizuri jinsi nilivyotoka shule ile. Mama alikuficha. Kila mwisho wa mwaka, wazazi huitwa kusikia matokeo. Wasichana husimama uwanjani kwa mstari kufuatana na nafasi zao, na kila mzazi husimama nyuma ya mtoto wake. Nilipomaliza kidato cha tatu nilikuwa karibu na mkia. Sitakudanganya, nilikuwa nimefeli kweli; hesabu na kemia zilikuwa zimenishinda. Mama alikuja amevaa lile gauni lake la kanisani, la buluu. Akaanza kunitafuta mbele, akasogea, akasogea tena, mpaka akanifikia kule nyuma.

Madam Nyambu alikuwa akipita kwenye mstari na kipaza sauti mkononi. Alipotufikia akasimama.

"Mama, huyu umtafutie kituo kingine cha mtihani," akasema, na uwanja mzima ukasikia. "Hapa tunatengeneza matokeo. Kulea ni kazi ya nyumbani."

Wasichana wakacheka. Na unajua Mama alijibu nini? Alisema, "Asante, mwalimu."

Kufeli kwangu nimekwisha kusahau, Tata. Ile "asante" ndiyo sijaisahau.

Ndipo Mama akanipeleka Tongaren kwa Mama Nanyama, yule rafiki yake waliyekuwa wakiuza naye nyanya hapa kwenye soko la Kwanza kabla hajaolewa upande wa Bungoma. Nilikaa kwake mwaka mzima nikisoma shule ya kutwa. Madirisha ya darasa letu hayakuwa na vioo na mvua ikinyesha tulihamia upande mmoja. Mama Nanyama hakunihesabia hata siku moja nilichokula. Namwombea mema mpaka leo.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa Bwana Khaemba. Siku ya kwanza alinitazama juu ya miwani.

"Ati wewe ndiye Kitale walifukuza?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Sasa jirani akimwaga mahindi barabarani na mimi niko na kuku, si nitaokota? Kaa hapa mbele, bana. Hizi logarithimu hazijakukosea. Ziangarie tu vizuri."

Nilikaa mbele. Na nisamehe kwa hili, Tata: asubuhi wenzangu walipokuwa wakisali kabla ya kufungua vitabu, mimi nilikuwa nikitaja jina la Madam Nyambu kimyakimya. Nililitaja kila siku. Usingizi ukinishika nililitaja tena, nikaamka. Kama mtu husoma kwa mapenzi ya elimu, mimi nilisoma kwa mapenzi ya kumwona yule mama akikosa la kusema.

Matokeo yalipotoka, Tongaren walicheza mpaka Bwana Khaemba akabeba kiti kichwani akizunguka nacho uwanja. Hakuna mtu katika shule ile aliyewahi kupata A ya aina yoyote.

Sasa ngoja nikueleze ya Jumamosi iliyopita. Tulikuwa nje tukipura mahindi, mimi na Mama, tumejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Tukasikia honi ndefu na ngoma. Basi la shule ya Kitale likaingia kwenye uwanja wetu na kukanyaga mahindi tuliyoanika. Wakashuka wasichana wenye matawi mkononi, wakiimba jina langu. Nyuma yao akashuka Madam Nyambu amevaa kitenge kipya, na naibu wake, Bwana Waithaka, tayari ameinua simu ya kupiga picha.

"Nyaruai wetu!" Madam Nyambu akasema, mikono wazi. "Tumekuja kumshangilia binti yetu!"

Baadaye nilielewa. Gredi ya Kumi, darasa la kwanza la sekondari katika mtaala mpya, imeanza mwaka huu, na watoto waliofika pale ni wachache mno. Madarasa yako tupu. Wanataka picha ya kubandika langoni, ili wazazi waone. Alikuwa amenibebea sweta yao, ile ya rangi ya damu ya mzee, mpya, bado iko kwenye karatasi ya nailoni.

"Vaa, tupige moja tu ya haraka," akasema. "Si ulisoma kwetu miaka mitatu? Hao wa Tongaren walikumalizia tu."

Baba alikuwa ameshaanza kutabasamu. Unamjua, Tata, akiitwa "mzazi wetu mheshimiwa" anasahau kila kitu.

Niliitoa ile sweta kwenye nailoni. Nikaishika.

"Nitaivaa, Madam," nikasema. "Lakini kwanza umwambie Mama yale uliyomwambia pale uwanjani, halafu umwambie ulikosea. Hapa hapa, hawa wasichana wakisikia."

Ngoma ikanyamaza.

"Yaliyopita si ndwele, binti yangu."

"Hii bado inauma, Madam."

"Nyaruai!" Baba akanikemea. "Hawa ni wageni!"

Msichana mmoja nyuma akasema, "Woi," kwa sauti ndogo, na mwenzake akamkanyaga. Madam Nyambu akajifuta shingo. Akasema twende ndani tuongee kama watu wazima. Nikamjibu kwamba siku ile hakutuita ndani. Akanitazama, akamtazama Bwana Waithaka, kisha akamwendea Mama, akainama na kumnong'oneza kitu sikioni. Mama, na makapi yote yale kwenye nywele, akasema, "Nimesikia, mwalimu. Yameisha. Karibuni chai."

Lakini sisi wengine hatukusikia kitu. Hata mimi niliyekuwa karibu. Basi nikaikunja ile sweta vizuri, kama wewe na Mama mlivyonifundisha kukunja nguo za watu, nikaiweka kwenye ngazi ya basi.

Waliondoka bila picha, Tata, na ngoma haikupigwa tena mpaka basi likapotea kwenye kona. Nilifurahi. Wewe ni mtawa na sitakuficha: nilifurahi sana. Mama alinigombeza kwamba nimefukuza wageni na chai iko motoni. Tulikunywa chai ile mpaka kesho yake.

Ila Jumatatu, tukiwa tunajaza magunia, Mama alianza kutetemeka mabega. Nilidhani analia. Kumbe anacheka. "Ulimwona vile alikunja uso?" akaniuliza, akacheka mpaka akaketi juu ya gunia na kujifuta macho kwa leso. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu nitoke Kitale.

Hata hivyo sijapata nilichotaka. Aliungama kwa sikio moja tu, na mimi nilitaka uwanja mzima. Kwa hiyo nimeamua. Baba anataka niende uuguzi, lakini nimechagua ualimu, hesabu na kemia. Nimeulizia umri wa Madam Nyambu. Bado ana miaka mingi kabla ya kustaafu. Nikihitimu nitaomba kazi pale pale. Nitamsalimia kwa heshima zote, nimwambie jina langu kamili, halafu nimwombe anipe wasichana wale anaotaka kuwaondoa. Wote. Nitawafundisha mpaka wafaulu, na yeye atasimama mbele ya wazazi awapigie makofi, mmoja mmoja.

Najua utaniandikia kwamba nimwombee. Namwombea, Tata, kila jioni. Namwombea afya njema na miguu yenye nguvu, asiugue wala asihamishwe, nimkute.

Nisalimie Sista Chepchumba na masista wote wa nyumba yenu. Baba na Mama wanakusalimu, na Mama Nanyama wa Tongaren anauliza kama mbegu za sukuma wiki alizokutumia zilikubali udongo wa huko. Wamboi anataka picha ya ngamia aliyeketi, si aliyesimama. Mungu akuwekee kivuli kila unapopita, na kifua chako akipe pumzi ya kutosha.

Ni mimi, wako akupendaye na asiyesahau upesi,

Nyaruai wa Nderitu