Kaka Deo, Mchanga Tumeuacha Ufukweni

Mpendwa kaka Deo,

Sijui uko wapi, na simu yako haipatikani, kwa hiyo barua hii naiandika wazi. Asome yeyote, huenda mmoja wao anakufahamu. Mara ya mwisho tulisikia uko kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Kabla ya hapo kuna mfanyabiashara wa dagaa aliyesema amekuona Kemondo. Mama alimhoji mtu yule mpaka akajuta kusema.

Mama hajambo. Miguu inamvimba akisimama sana, na kusimama haachi.

Tata, baba yetu, alipofariki ulikuwa kidato cha pili, mimi darasa la tatu. Ulirudi kisiwani kutoka bara na sanduku lako la shule, ukalisukuma chini ya kitanda, na kesho yake ukaenda kuchimba mchanga pamoja na watu wazima. Hakuna aliyekutuma. Jioni ulishindwa kushika kijiko, viganja vimechubuka, Mama akakulisha kama mtoto mchanga. Nilicheka. Ulinitazama, na wewe ukacheka.

Nilipofaulu kwenda sekondari ulinisindikiza mwenyewe hadi Bukoba. Tulipanda boti la mchanga, limelemewa mpaka maji yanakaribia kuingia, tumekaa juu ya mzigo wako. Kabla ya kunifikisha Nshambya kwa shangazi ulinizungusha Buhembe kunionyesha nyumba iliyokuwa inajengwa.

"Unauona ule ukuta, Ade? Ule ni ufuko wetu."

Ulisema kwa fahari, na mimi nilijivuna nawe. Miaka yote ya shule, kila nilipopita kwenye jengo jipya nilijiuliza kama na hilo ni letu. Haikunijia akilini kujiuliza huko nyumbani kinabaki nini.

Nilipomaliza shule nikapata kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni pale mjini, na huko ndiko nilikoanza kusikia maswali. Wageni walikuwa wanasimama dirishani wakitazama ziwa, kisha wanauliza: visiwa vile mtu anafikaje? Kuna pa kulala? Nilikupigia simu kukueleza. "Yaani watu wanalipa kutazama ndege?" ukasema. "Waambie waje, ndege wetu hawana kiingilio." Tulicheka, tukaendelea na habari nyingine.

Halafu Mama akaugua, nikarudi. Niliposhuka botini maji yalinifika kiunoni, mahali ambapo mimi na wenzangu tulikuwa tunacheza rede. Ukingo wa migomba yetu ulikuwa umemeguka, mashina mawili yameinama na mizizi iko nje. Wavuvi wakasema sato wamehama ghubani. Wengine walilaumu nyavu, wengine mvua. Mzee mmoja tu ndiye aliyesema sato hutaga kwenye mchanga, na mchanga uko Bukoba.

Sikukuambia neno siku ile. Ulikuwa umenichinjia kuku.

Wiki chache baadaye ukuta wa shimo la mchanga ukaporomoka, ukamfunika rafiki yako Kamugisha. Nilikuwa nimewaletea uji. Nakusikia mpaka leo ukipiga kelele, "Wekeni machepe chini, mtamkata!" Mkachimba kwa mikono, na mimi nikachimba. Tulipofikia uso wake alikuwa na mchanga mdomoni na macho wazi. Akapumua. Nyonga ilivunjika, lakini alipumua. Ulikaa chini pembeni yake ukalia mbele za watu, wewe ambaye hukulia kwenye msiba wa Tata.

Ndipo ukaitishwa ule mkutano, kwenye darasa la shule ya msingi. Mwenyekiti wa kijiji akauliza kama shimo lifungwe. Ukasimama. "Tulifunge, sawa. Halafu tule nini? Anayejua aseme."

Nikasimama mimi. Nikaeleza kuhusu wageni, ndege, ufuko, na visiwa vingine vinavyotembelewa. Nilisema vizuri, naamini hivyo. Ukanisikiliza mpaka mwisho, kisha ukauliza kwa upole kabisa: "Ade, mgeni mmoja kwa mwezi atalisha nyumba thelathini?"

Lilikuwa swali zuri, kaka. Na kwa kuwa sikuwa na jibu, nilitafuta kitu kingine cha kukupiga nacho. Nikasema, "Anayeuza ardhi chini ya nyumba ya mama yake atamhurumia nani?"

Mama alikuwa amekaa dawati la mbele, akainamia mikono yake. Wewe ulisema, "Haya. Umesema," ukaketi. Shimo likapigiwa kura ya kufungwa. Asubuhi tulipoamka ulikuwa umeshaondoka na boti la kwanza.

Sasa nikueleze yaliyofuata, maana una haki ya kujua uliyoyaacha yamekuwaje.

Mwaka wa kwanza hakuja mgeni hata mmoja. Vijana wako wa mchanga, sita walihamia kwenye dagaa, wanne wakaondoka kama wewe, na wawili walikuwa wanachimba kwa kujificha nyuma ya kisiwa mpaka wavuvi wakawafukuza. Kuna mama aliyenisimamisha kisimani akaniuliza, "Hao wageni wako wanakuja na chakula?" Nikabeba ndoo yangu nikapita.

Aliyeniokoa ni Kamugisha. Alikuwa hawezi tena kubeba kitu, anatembea na fimbo. Siku moja akaniambia, "Mji wameujaza nyumba za saruji. Mtu avuke ziwa alale kwenye saruji tena?" Akasimamia ujenzi wa nyumba za msonge kama zile za babu zetu, akielekeza kwa fimbo, ameketi kwenye kigoda, anatukana vijana kwa Kihaya wakikaza fito vibaya. Tulijenga tatu. Ndani tukatandaza nyasi sakafuni. Ufukweni hatukujenga chochote, tumerudi nyuma juu kabisa, na kijiji kimekubaliana isizidi misonge sita.

Wageni wa kwanza walikuwa mwalimu na mkewe kutoka Bukoba. Mvua ikanyesha siku zote mbili. Msonge mmoja ukavuja, nikajua tumekwisha. Lakini mke wa mwalimu alishinda jikoni na Mama akimenya ndizi, na walipoondoka akasema hajapumzika hivyo tangu aolewe. Mume wake akajifanya hajasikia. Mwezi uliofuata wakaja ndugu zao. Baadaye wakaanza kuja Wazungu wa kutazama ndege.

Na Kamugisha ndiye anayewatembeza. Ule ukuta wa shimo umejaa matundu, ndege wadogo wa kijani wameutoboa na kutaga humo. Anawaketisha wageni mbali, wanyamaze, kisha anawaeleza ukuta huo ulivyomwangukia. Hafichi kitu. Anataja na jina lako, kwamba wewe ndiye uliyemfukua.

Mama amekataa kusema Kiswahili na wageni. Anawasemesha Kihaya, wao wanamjibu kwa lugha yao, na vyakula vinaiva.

Sato wameanza kuonekana tena ghubani, si wengi. Wavuvi wamekubali kutotega nyavu sehemu ile. Wageni wananunua samaki wa kukaushwa, mikeka na kahawa. Lakini kaka, mgeni bado halishi nyumba thelathini. Labda nyumba nane zinapata kitu cha kueleweka, nyingine zinapata kidogo, na nyingine hazipati kabisa na zinanilaumu. Miezi ya mvua tunarudi kwenye mihogo kama watu wote. Swali lako lilikuwa sahihi, na bado tunalijibu polepole.

Kuna jambo moja nililolifanya peke yangu, na sijawahi kulisema hadi wiki iliyopita.

Alikuja mtu kutoka mbali, amevaa vizuri, ana maneno mazuri. Anataka kununua ghuba yote, kuanzia kwenye misonge hadi kwenye miamba, ajenge hoteli kubwa yenye gati. Aliahidi ajira. Tukakutana darasani kulekule. Watu wengi walikuwa wanaitikia kwa vichwa, na mwenyekiti akanigeukia: "Adelina, kibanja kile cha misonge ni chako. Wewe unasemaje?"

Nikasimama. Ilibidi niseme. "Si changu," nikasema. "Tata alimrithisha Deo, mzaliwa wa kwanza. Nilijenga bila kumwuliza."

Nilikuita muuza ardhi mbele za watu, kaka, kisha nikachukua ya kwako ukiwa hupo. Niliona vijana wako wawili wakitazamana. Kamugisha alikuwa amesimama mlangoni, akaitazama fimbo yake.

Yule mnunuzi akauliza, basi huyo Deo anapatikana wapi, aongee naye. Mwenyekiti akarudia swali, kwa sauti ya chini: "Kaka yako yuko wapi, Adelina?"

Mama akageuka kunitazama. Watu wote wakanitazama. Nikasema sijui, nikaketi.

Mkutano umeahirishwa mpaka mwenye ardhi apatikane. Ukisema misonge iondolewe, nitaiondoa. Ukisema uuze, ni haki yako, nami nitakwambia sikubali, safari hii nikiwa nimeketi kando yako, si mbele ya watu. Lakini usiniambie kwa simu. Njoo useme ukiwa hapa.

Nisamehe, kaka. Ubaki salama huko uliko.

Mimi mdogo wako,
Adelina