Britta Anangoja Baridi

Duluth, Minnesota
31 Oktoba 2016

Mpendwa Mama Mkubwa Verna,

Shikamoo. Kabla hata sijakuuliza hali, ngoja nikwambie alichofanya mjukuu wako sasa hivi. Amefungua mlango wa mbele, akasimama barazani, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, kisha akaipuliza taratibu kama mtu anayepoza supu. Akatazama. Hakuna kitu. Amerudi ndani amenuna, akaniambia, "Bado, Mama. Hali ya hewa ya mwaka huu haina adabu." Nimegeukia sinki asinione nikicheka.

Haya, magoti yako yanaendeleaje? Jua la Arizona limeyalainisha, au bado unashuka ngazi ubavuubavu? Sisi wazima. Mume wangu Cody yuko kazini bandarini. Kikohozi changu kimekwisha, namshukuru Mungu.

Sasa nikueleze hiyo pumzi. Unakumbuka Halowini ya mwaka jana, watoto walipovaa mavazi ya kujigeuza na kupita nyumba hadi nyumba wakiomba pipi, nilivyokusimulia kwenye simu? Britta alikuwa kipepeo, mabawa tumeshona wiki nzima, halafu baridi ikaja, nikamlazimisha avae koti la theluji juu yake. Ndivyo tulivyolelewa sote huku, wewe unajua. Alipofika kwa Mzee Halvorson, jirani yetu, yule mzee akamwangalia juu mpaka chini akasema, "Na wewe umevaa nini leo, koti?" Watoto wote barazani wakaangua kicheko. Alirudi nyumbani na pipi nusu mfuko, hakuzigusa.

Basi mwaka huu kaniambia mapema, "Mama, koti nitavaa. Lakini koti ndilo litakuwa vazi." Anaitaka ile mitindo wanayoiita stimupanki. Mimi sikuijua. Alinieleza hivi: ni watu wa zamani za injini za mvuke, ila ni zamani ambayo haikuwahi kuwapo. Nikamwambia sijaelewa. Akasema, "Utaelewa ukiona." Na kweli nimeona.

Mama Mkubwa, koti lenyewe ni lile la ngozi la marehemu Baba Mkubwa Orrin, ulilotuachia ulipohama. Usishtuke. Hata mimi nilishtuka nilipomkuta amelitandaza sakafuni, mkasi mkononi. Nikapiga kelele. Akaniambia, "Mama, tulia, nakata boksi, sikati koti la Babu." Kila kitu amekibana kwa pini kwenye mishono tu, kikitolewa koti linabaki kama lilivyokuwa. Hilo sikumfundisha mimi.

Gia amezikata kwenye maboksi ya pizza, moja juu ya nyingine, akazipaka rangi ya shaba, halafu akazisugua na unga wa kahawa uliokwisha chujwa ili zionekane zimechakaa. Ukizitazama kutoka mlangoni unaapa ni chuma. Miwani mikubwa ni vifuniko vya chupa za jemu na lastiki ya suruali yangu ya kulalia (nimeitafuta siku mbili hiyo suruali). Kifuani ameweka kipimo chenye mshale, upande mmoja kaandika NJAA, upande wa pili NIMESHIBA. Anasema kila nyumba atakayopita atausogeza mshale kidogo mbele yao, waone wenyewe kama wametoa ya kutosha. Cody alicheka mpaka akakaa chini.

Begani ndipo penye mambo. Amesimamisha dohani, ni lile bomba la kadibodi la katikati ya karatasi za jikoni, limeinamishwa kuelekea kidevuni kwake. Akipuliza humo, pumzi inatakiwa itoke juu kama mvuke. Lakini mvuke hauji bila baridi! Na wiki nzima hii kumekuwa na joto, mtaa mzima wanashukuru, huku mwanangu peke yake anaomba baridi. Nikamwambia tumfichie chupa ya maji ya moto mgongoni, mvuke utoke hapo. Akaniangalia kwa huruma. "Mama, huo utakuwa uongo. Injini ni mimi."

Mimi shule niliiacha mapema kwa ajili yake, unajua, na watu walisema mengi. Nikimtazama anavyopima, anavyokosea, anavyobandua na kuanza upya bila kulia, nasema moyoni huyu atafika mbali kuliko mimi. Lile lililomtia aibu mwaka jana, baridi na koti, ndilo alilolichukua akalifanyia kazi. Mimi ningekuwa nimeamua kubaki ndani.

Lakini naogopa kidogo. Bila mvuke, kwa Mzee Halvorson atakuwa mtoto ndani ya koti tena. Tayari taa zimewashwa ndani ya maboga yaliyochongwa sura barazani, wadogo wameanza kupita, naye amesimama dirishani ameibana pua kwenye kioo. Upepo wa ziwani umegeuka kuwa wa baridi, nausikia kwenye nyufa za dirisha. Sijamwambia, nisimpe matumaini bure.

Msalimie Binamu Gayle na mumewe, na jirani yako yule anayekuletea machungwa. Mwambie Gayle ile sufuria yake bado ipo, sijaichoma. Cody anakusalimu, na Britta anasema koti litakuwa salama. Mungu akutunze, ayape magoti yako nguvu uje utuone majira ya joto.

Wako akupendaye daima,
Kari

Nimesahau: picha nitakutumia, maana Cody ameahidi kurudi na kamera kabla

Subiri, ananiita kutoka barazani. "Mama! Mama, acha barua, njoo! Mvuke unatoka! Na Mzee Halvorson ametoka nje kwake, ananipigia makofi, Mama, harak