Bi Sheikha na Riwaya za Kihindi

Azaiba, Maskati

Dada Tatu,

Shikamoo dada yangu, wewe uliyenilelea mwanangu mpaka leo anaolewa. Habari za Muheza, za presha yako, za hilo goti? Shemeji ameacha sigara au bado anajificha nazo chooni? Mimi mzima, ila miguu inavimba jioni. Barua hii anakuletea Mwajuma wa Pongwe, anarudi kwao. Nimeandika kwenye karatasi makusudi, maana nikikutumia sauti kwenye simu utaiweka spika na mtaa mzima usikie. Isome peke yako.

Nianze na vitabu, kwa kuwa yote yameanzia huko. Mama mmoja wa Kihindi, jirani yetu, alihama akaacha boksi la riwaya nje ya geti, za Kiingereza, za waandishi wa kwao wa siku hizi. Nikalibeba. Kiingereza changu cha fomu foo unakijua, lakini kwa vitabu hivi kinatosha na chenji inabaki. Dada, sikiliza. Kijana ni injinia. Siku zote ni injinia, na siku zote hataki uinjinia, anataka kuandika kitabu. Laiti angebaki na nyaya zake! Msichana ni mzuri, anacheka ovyo, na ukimwona anacheka sana mwanzoni, ujue ana saratani. Mvua ikinyesha wanabusiana. Isiponyesha wanakula, maana mwandishi akikosa la kusema anatutajia vyakula. Mwishoni wote wanakutana uwanja wa ndege, mtu anakimbia na begi, kila mmoja analia isipokuwa mimi. Kuna vile vya mauaji, na muuaji ni yule mpole kupita kiasi, nilimjua kabla polisi hawajavaa viatu. Kuna vya wafalme wa kale wanaoongea kama wauza simu. Nyuma ya kitabu mwandishi mwenyewe kakunja mikono, utadhani kajenga daraja. Kitu kimoja tu wanakijua, nacho ni mama mkwe. Hapo nawapa haki yao.

Sasa Bi Sheikha, huyu bibi ninayemtunza, mzaliwa wa Unguja, macho yake hayaoni tena maandishi. Siku moja alinisikia jikoni.

"Wamsonya nani?"

"Kitabu, Bi Mkubwa."

"Hebu njoo unisonyee na mie nisikie."

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yangu kila baada ya alasiri. Kahawa yake, tende zake, na mimi chini kwenye zulia, jicho kwenye Kiingereza, mdomo kwenye Kiswahili. Palipopooza nilitia chumvi, na palipooza kila mahali. Yule injinia nilimpa wivu, yule mgonjwa nikampa ulimi mkali, mama mkwe nikamwachia vilevile. Bibi akanogewa mpaka akawa anawaaga wageni kabla hawajamaliza kahawa. Hapo ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe, dada. Ningesoma kama kilivyoandikwa angechoka siku ya pili.

Ulipoleta habari ya harusi ya Rehema niliomba likizo, nayo ni haki yangu tangu mwaka jana. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini kibali cha kukaa huku, ni mwanawe, Nassor, mtu wa ofisi za serikali hapa Maskati. Akanijibu kwenye simu, "Mama akiridhia, mimi sina neno." Nikamwendea mama.

"Harusi?" akasema. "Na mie nani atanisomea?"

"Bi Mkubwa, ni mwanangu wa pekee."

"Wasichana wa siku hizi hawakai na waume. Akiachika ataolewa tena, utakwenda hiyo ya pili."

Wallahi alisema hivyo, huku anatafuna tende. Nikacheka, maana sikutaka kulia mbele yake. Moyoni nikasema, haya mama, tutaona.

Kitabu tulichokuwa nacho kilimhusu kijana wa Pune, mji wa kwao Uhindini (injinia, nani mwingine?) aliyehamia Amerika akamwacha mama yake. Kitabuni anarudi. Anaingia na sanduku na mke, wanalia, wanalishana vitamutamu, mwandishi kashiba. Mimi sikumrudisha.

Dada, nilimchukua Bi Sheikha mzima mzima nikamtia mle ndani. Kila Ijumaa hapa nyumbani anapikisha biriani, sahani ya Nassor inafunikwa kawa, na Nassor anapiga simu, "Ijumaa ijayo, Mama, nikijaaliwa." Yuko pwani ya Qurayyat na marafiki zake, wanavua samaki. Wala si mbali hivyo. Jioni ile sahani hurudi jikoni, na mimi ndiye ninayeikwangua. Basi mama wa Pune nikampa wali uliofunikwa, nikampa simu ile ile na maneno yale yale. Nikampa na tabia ya kumwuliza mtumishi, "Hiyo si gari?" kila gari ikipita.

Bibi alikuwa anaitikia "Enhe" kama kawaida. Zile "Enhe" zikapungua. Mimi nikaendelea. Nikasema mama wa watu alikufa peke yake kwenye kiti, na majirani walijua kwa harufu ya wali uliochacha.

Akatua kikombe chini. Kisha akauliza, "Na mwanawe? Hakuja hata maitini?"

"Alipiga simu," nikasema.

Unadhani nilimhurumia? Sikumhurumia. Niliosha vikombe nikalala usingizi wa mtoto mchanga.

Kesho yake aliniita kabla hata ya chai. "Mwanahamisi, ule mwisho umeutia wewe. Huyo aliyeandika hichi kitabu hana akili ya kutunga vile. Watu wake siku zote hurudi, wakalia, wakala halua. Yule mwanamke ni mie."

Nikaanza kupanga vikombe vya chai, naye akaendelea. 

"Nimeshamwambia Nassor akukatie tikiti. Nenda kamuoze mwanao. Na ukishakwenda, usirudi kwangu."

Ndiyo hivyo, dada. Nakuja, nitawahi kumsugua Rehema singo kwa mikono yangu mwenyewe, na baada ya harusi sina kazi ya kurudia. Nilichotaka nimekipata.

Lakini ngoja, hajamaliza na mimi. Mpaka siku ya safari kasema nimsomee kipande kile kile tu, kuanzia wali unapofunikwa mpaka simu. Kila alasiri. Boksi zima lipo, hataki kingine. Anakaa na kahawa inapoa, anasikiliza jinsi anavyokufa, mimi natamka. Siku za mwanzo nilitamka kwa raha. Raha imekwisha, na yeye bado anataka.

Jana nilishindwa. Nilipofika kwenye wali nikageuza, nikamleta mwana. Nikamshusha kwenye teksi na sanduku, nikamtia mlangoni, nikamwambia aite "Mama!" kama mwandishi alivyoandika. Bibi akaninyooshea bakora, akanigusa nayo begani, wala si kwa nguvu.

"Muongo," akasema. "Hebu sema kama ilivyo."

Nikasema kama ilivyo.

Nisalimie shangazi, mpishi wa pilau za harusi zote, mwambie safari hii apunguze mafuta. Mjomba Salehe aliyesimama kwenye mahari mpe mkono wangu. Fundi wa magauni mwambie akichelewesha nitamkuta. Na Rehema mwambie mama yake anakuja, basi. La kufukuzwa asilijue mpaka atoke fungate.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Mwanahamisi