Nywele za Relja

Čačak, Aprili

Kwako Strahinja, baba wa ubatizo wa mwanangu,

Sisi tupo. Relja anaota meno, kwa hiyo silali. Nywele zimemfika mabegani, mvulana mzima. Jana kwenye foleni ya mkate Bi Ljubinka alimshika kidevu akasema, "Binti mzuri huyu, mnamwoza lini?" Nikamjibu, "Akishanyolewa, bibi. Wa kumnyoa bado anazunguka Ulaya na mpira wa kikapu."

Kwa mila yetu baba wa ubatizo ndiye humnyoa mtoto mara ya kwanza, kwa hiyo mkasi wa kwanza ni wako, si wangu wala wa baba yake. Ulisema utakuja mechi za makundi zikiisha. Kisha ukasema tusubiri robo fainali. Sasa mmeingia nusu fainali, na magazeti yanakuita shujaa.

Nimechoka kudanganywa. Huogopi ratiba, Strahinja, unaogopa goti la mume wangu Ognjen. Tangu alipoanguka mwanzo wa msimu na klabu ikakupa wewe nafasi yake, hujampigia simu hata mara moja. Naye hutazama kila mechi yako, mguu juu ya kiti. Ukifunga, anakupigia makofi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mkishinda au mkishindwa, msimu ukiisha njoo. Usilete jezi wala maua. Mkasi ninao. Ognjen atampakata mtoto, na kwa urefu wako huo itabidi upige magoti mbele ya goti lile ndipo umfikie.

Sitamkata mimi. Tunakusubiri.

Dunja, mama Relja