Wiki ya Adabu Kisiwani

Bweni, ng'ambo ya mto,
Pangani.
3 Juni 2024

Mpendwa Elizabeti, mtoto wa shangazi, mke wangu wa akiba,

Hujambo huko Mpanda? Magoti yako yanakubeba bado, au mwanao Noa anakusukuma kwenye toroli? Mimi mzima, ukiondoa mgongo, jicho la kushoto na tabia. Meno yamebaki sita, yote ya mbele, kwa hiyo nikicheka bado naweza kukudanganya.

Naandika kwa mkono huu wa darasa la nne kwa sababu kila nikipiga simu anapokea mkweo Jenifa, naye mpole mno, namuonea haya. Nina ombi moja, nalitanguliza usije ukasinzia kabla hujalifikia. Jumamosi ya tarehe 31 Agosti tunaweka msalaba kwenye kaburi la Ritha, mke mwenzio. Nataka uje. Najua ni mbali, na najua utasingizia miguu. Uje hivyo hivyo.

Sasa nikueleze kisa. Mwezi uliopita nilikwenda kupumzika kisiwani wiki nzima, kama mzungu! Wenzangu wale tuliokuwa pamoja shamba la mkonge, Safari, Lucas na Shehe, waliona nimekonda tangu Ritha afariki Januari, wakasema huyu tumpeleke akapate hewa. Mkwe wake Shehe, anaitwa Nasri, anatunza vibanda vya wageni kwenye kisiwa kidogo huku kwetu. Msimu wa mvua watalii hawaji, basi akatupa funguo. Wazee wanne, madumu ya maji, mchele, na redio isiyoshika kitu.

Mahali pazuri, sikatai. Maji unaona mpaka kucha zako, na zangu afadhali nisingeziona. Lucas aliingia baharini na suruali na mkanda, akatoka na mkanda. Changu wa kuchoma kila siku, wali wa nazi, usingizi mchana. Ungenenepa ukashindwa kupita mlangoni, ingawa nasikia umeshafika huko.

Lakini Eliza, tangu nizaliwe sijawahi kuwa mpweke namna ile.

Safari unamjua. Miaka thelathini ananiamsha kwa "we nyani wa mkongeni". Kisiwani kaniamsha hivi: "Umelalaje, mzee wetu?" Nikadhani anaumwa. Na Shehe tukacheza bao, nikaacha kete zangu wazi makusudi, hakuzila. Ananiachia nishinde, kama mtoto mwenye surua! Siku ya nne nikachukua meno ya bandia ya Lucas nikayatumbukiza kwenye birika la chai. Nikakaa kungoja matusi. Akayatoa, akayafuta kwa shati, akasema, "Pole, Yona. Ni mawazo hayo."

Nilitoka nikazunguka kisiwa kizima. Dakika ishirini tu, nikajikuta pale pale, wamenibandikia chai nyingine na sukari wameshatia.

Siku ya sita nikambana Safari. Akasema walikubaliana kivukoni kabla hatujaondoka: mtu asimtanie Yona, ana msiba. Nikamwambia, "Kumbe mmenileta huku mniue kwa adabu?" Basi niigizie Ritha, nikamwambia, unitukane kama yeye. Safari akajifunga shuka kiunoni, akashika nyonga: "We Yona! Shati gani hilo, umelala na mbwa?" Sauti siyo kabisa. Ritha hakuwa anapiga kelele vile. Alikuwa anasema taratibu, huku anapepeta mchele, wala hakutazami. Safari akaanza tena, sauti ikamkatika, akaketi chini na shuka lake analia. Shehe akasema tumuache marehemu apumzike.

Simlaumu Safari. Hiyo si kazi ya rafiki, ni kazi ya mtani, na mtani wa nyumba hii ni wewe. Januari ulikuwa umelazwa, nafahamu, sikudai. Lakini tulimzika Ritha kimya, Eliza. Padri kasema, kwaya imeimba, watu wamekula, wameondoka. Hakuna aliyelala njiani kuzuia jeneza. Hakuna aliyevaa kanga yake akatembea mwendo wake ule wa bata. Hakuna aliyesema, "Afadhali kaenda, sasa mume wangu!" Wewe ulimuonea miaka arobaini, ukamwita mchawi wa wali mbichi, naye akacheka mpaka kujifuta machozi. Leo watu wanamsema kama mtakatifu ambaye mimi sikuwahi kulala naye kitanda kimoja.

Kwa hiyo uje. Ukishuka kwenye pantoni usiniambie pole, nitarudi nyumbani nikuache hapo hapo. Anza kunitukana tangu ng'ambo, watu wasikie. Chukua kanga yake, ile ya zambarau, sikuigawa. Kaa kwenye kigoda chake upepete mchele, uniseme taratibu, bila kunitazama. Mara moja inatosha. Watoto wako wakikuuliza unakwenda kufanya nini na umri huo, waambie unakwenda kuchukua mume.

Msalimie Noa, msalimie Jenifa, mwambie aache kuniita "babu mpendwa", ananizeesha. Wajukuu wote uwabusu, na yule aliyerithi pua yangu umuombe radhi. Dada yako Lea akipita, mpe salamu bila tabasamu, atajua zimetoka kwa nani.

Mungu akushikie magoti mpaka Agosti. Baadaye wewe nayo mtaelewana wenyewe.

Mimi mumeo usiyenitaka, nikupendaye vilevile,
Yona